Mikono Iliyotulizwa

Tembo dume alikuwa amesimama katikati ya shamba la mizabibu la Hombolo, na kila alipogeuka aliangusha mstari mzima wa nguzo. Mita themanini kutoka pale, Daktari Sechelela Ndahani alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa mfereji, bunduki ya sindano begani. Hakuwa akilenga. Kazi hiyo ilifanywa na jicholenga, chombo kidogo kilichofungwa juu ya mtutu, ambacho kilipima upepo, joto na unene wa ngozi ya mnyama, kisha kikachagua mahali pa kupiga.

Mikononi alivaa glavu-tulizi, na hizo ndizo zilizokuwa ajabu kubwa zaidi. Ndani yake zilipita nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikisoma mishipa ya fahamu. Msuli ulipotaka kutikisika, nyuzi hizo zilituma mpigo mdogo wa umeme na kuuzima mtikisiko kabla haujatokea. Mtu aliyezivaa aliweza kukimbia kilometa mbili, akalala chini akihema, na bado bunduki ikatulia mikononi mwake kana kwamba imejengewa kwa saruji.

Taa ya kijani iliwaka. Sechelela alivuta kifyatulio. Sindano ilizama begani mwa tembo, na baada ya dakika saba mnyama yule akapiga magoti, akalala polepole kama mzee anayejinyoosha kitandani.

Wakulima walipiga makofi. "Daktari ana mkono huyu!" mmoja alipaza sauti. "Hautingishiki hata kidogo!"

Sechelela aliwapungia, akaenda kwenye gari lake, akafunga mlango na kupandisha vioo. Ndipo alipozivua glavu. Vidole vyake vilianza kutetemeka papo hapo, vyote kumi, kama vya mtu mwenye homa kali. Alivibana katikati ya magoti na kungoja. Zamani alikuwa akingoja dakika mbili. Siku hizi havikutulia kabisa.

Alikuwa bado amebana mikono pale ujumbe ulipotokea kwenye kioo cha gari. Ulitoka makao makuu ya Kikosi cha Wanyama na Watu, waajiri wake. Wanasayansi wa anga walikuwa wametabiri dhoruba kubwa ya jua mwezi unaofuata, na vyombo vyote vyenye akili bandia vingezimwa kwa siku tisa ili visiungue. Lakini tembo na nyati hawangezimwa. Kwa hiyo kila daktari wa uwandani alitakiwa kuhudhuria mafunzo ya shabaha Jumamosi na Jumapili katika uwanja wa Lusangi, mwendo wa saa nne kutoka Dodoma mjini. Mwisho wa ujumbe uliandikwa kwa herufi nzito: *Hakuna jicholenga. Hakuna glavu. Atakayeshindwa ataondolewa uwandani.*

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi alichukua ghalani bunduki kuukuu ya mazoezi, isiyo na jicholenga wala risasi, akaenda nayo nyumbani, mtaa wa Kisasa. Alikuta mumewe, Mwalimu Chedieli, amekwisha kupanga sebuleni vitu vilivyotajwa kwenye orodha ya mafunzo: godoro jembamba la kulalia, kofia pana, miwani, vizibo vya masikio, na madumu mawili ya maji.

"Viatu vyako vya buti nimevitia mafuta," alisema. "Huko wanasema miiba yake inatoboa hata tairi."

"Asante, Baba Heri."

"Sasa hiyo bunduki unaifanyia nini humu ndani?"

"Zoezi. Unaweka sarafu juu ya mtutu, karibu na ncha. Unavuta kifyatulio bila risasi. Sarafu isipoanguka, mkono umetulia."

Alilala juu ya godoro, akalenga kitasa cha mlango wa jikoni. Chedieli akainama, akaweka sarafu. Ilianguka kabla Sechelela hajagusa kifyatulio. Akaiweka tena. Ikaanguka. Mara ya tano ilibingiria hadi chini ya kabati, naye Chedieli akaenda kuitafuta kwa ufagio.

"Sijala tangu asubuhi," Sechelela alisema. "Ni njaa tu."

Alikula. Akajaribu tena, mara ishirini, mara thelathini. Aliegemeza viwiko kwenye mto. Alishusha pumzi nusu na kuizuia, kama mwongozo ulivyoelekeza. Kadiri alivyojikaza ndivyo mtutu ulivyocheza. Jasho lilimwingia machoni.

Ijumaa hakwenda kazini. Alipanga begi, akalipangua, akalipanga upya. Alihesabu vizibo vya masikio mara tatu ingawa vilikuwa viwili tu. Alasiri Chedieli aliporudi kutoka shule alimkuta amekaa kando ya begi, bunduki mapajani, sarafu sakafuni.

Chedieli alienda jikoni na kurudi na vikombe viwili vya chai. Chake kilijaa. Cha mkewe kilifika nusu.

Sechelela alikitazama kikombe kile kwa muda. "Kwa nini unanimiminia nusu?"

"Ndivyo unavyokunywa."

"Nani alikwambia?"

Chedieli alikaa sakafuni, mgongo kwenye kochi. "Mama Heri, nimekuoa miaka ishirini na minne. Mashati yako yote yenye vifungo nimeyagawa, nikakununulia ya kuvalia kichwani. Samaki mimi ndiye ninayekuchambulia miiba. Ulidhani nafanya hivyo kwa mapenzi tu?" Aliweka kikombe chake chini. "Naona haya mwaka wa pili sasa. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Sechelela aliweka bunduki chini. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia.

"Ilianza mwaka wa pili wa kuzivaa," alisema. "Nadhani mkono umesahau kujishika. Umezoea kushikwa. Kila Desemba wanatuletea fomu kwenye skrini. Swali la tisa linauliza: umeona mabadiliko yoyote mikononi baada ya kuvua glavu? Unagusa ndiyo au hapana." Akaisukuma sarafu kwa kidole. "Nimegusa hapana mara nne."

"Kwa nini?"

"Wangeniweka ofisini, Baba Heri. Mimi na ofisi! Halafu nikajiambia labda ni ugonjwa wangu peke yangu, wa ukoo. Bibi yangu naye alitetemeka."

"Bibi yako alikuwa na miaka tisini."

Kabla hajajibu, ukuta uliita. Ilikuwa simu ya binti yao, Heri, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya upasuaji. Sura yake ilijaa ukutani, inang'aa kwa furaha.

"Shikamoo mama! Shikamoo baba! Mama, hebu nitazame!" Aliinua mikono. Alikuwa amevaa glavu nyeupe, laini, zenye mishono ya fedha kwenye vifundo. "Wametupimia leo, darasa zima. Watu arobaini! Ni zilezile zako, ila za hospitali. Mwalimu wetu anasema zimejaribiwa miaka sita kwa madaktari kumi na wawili wa wanyamapori, na hakuna hata mmoja aliyepata madhara. Nikasimama, nikasema mmojawapo ni mama yangu. Wakanipigia makofi!"

Chedieli alimwangalia mkewe. Sechelela alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo, yamejipanga tayari, lakini uso ule wenye furaha uliyasukuma yakarudi.

"Hongera, mwanangu," alisema.

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Najiandaa na safari. Nitakupigia."

Picha ilizimika. Chedieli aliinuka, akakusanya vikombe, akaelekea jikoni. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama.

Jumamosi alfajiri gari-jiendeshi lilimchukua. Baada ya saa mbili lami iliisha, na baada ya tatu gari likasimama na kutangaza kwamba haliijui njia iliyo mbele. Sechelela aliendesha mwenyewe sehemu iliyobaki, usukani ukimcheza mikononi, kupitia vichaka na mawe mekundu, akifikiria namna ya kuficha. Angesema ameumia kifundo. Angesema ana malaria. Alipofika Lusangi alikuwa amekwisha kutunga uongo wa aina nne na kuukataa wote.

Uwanja ulikuwa bonde refu kati ya vilima viwili, na mwisho wake kulikuwa na vibao vya shabaha mbele ya tuta la udongo. Madaktari wengine kumi na tisa walikuwa wamefika. Alimtambua Dokta Yusto Mapunda wa Songea, mmoja wa wale kumi na wawili wa kwanza. Mapunda alimsalimia kwa kichwa, mikono mifukoni.

Mkufunzi, Afande Kanuti Haule, alikuwa sajenti mstaafu mwenye mvi na miguu mirefu kama ya korongo. Alipita na sanduku la bati.

"Glavu humu. Zote. Hata za akiba."

Alipomaliza kuzikusanya alimgawia kila mmoja kipande cha karatasi nyepesi. "Kabla sijampa mtu risasi lazima nimjue mkono wake. Nyoosheni mkono wa kulia mbele. Kiganja chini. Karatasi juu ya vidole. Hesabu sitini."

Sechelela alinyoosha mkono. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Karatasi yake ilianza kucheza, ikafanya sauti ndogo ya kukwaruza, na kwa hesabu ya kumi ikaanguka. Alifumba macho kwa aibu. Kisha akasikia sauti hiyohiyo kushoto kwake. Na kulia. Akafumbua macho.

Karatasi zilikuwa zinaanguka mstari mzima. Ni wanne tu ambao zao zilibaki, nao walikuwa vijana walioajiriwa mwaka huo. Watu kumi na sita wazima, wenye vyeo na sifa, walisimama wakitazama mikono yao wenyewe, halafu wakatazamana. Mama mmoja wa makamo alianza kulia kimya kimya.

Afande Haule alipita mbele yao taratibu, hadi mwisho, akarudi.

"Nimefundisha shabaha miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nimeona woga, nimeona pombe, nimeona ugonjwa. Mstari mzima hivi sijauona." Akavua kofia. "Hii si hofu ya mtihani. Nani alikuwa anajua?"

Sechelela aliona jinsi kila mmoja alivyokuwa akihesabu moyoni hesabu aliyoifanya yeye miaka minne: kazi, heshima, watoto, mwenzangu aanze. Alifikiria wanafunzi arobaini waliopiga makofi.

"Mimi nilijua," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Tangu mwaka wa pili. Kwenye fomu niligusa hapana."

Mapunda akatoa mikono mifukoni. "Hata mimi. Mwaka wa tatu. Nilidhani ni mimi tu."

"Na mimi," alisema yule mama.

Sechelela alitaka kumpigia Heri papo hapo, lakini simu hazikushika bondeni. Afande alimwelekeza juu ya kilima cha mashariki, penye mnara wa zamani. Sechelela alipanda akishika mawe, na alipofika juu akampigia binti yake.

"Heri, zivue glavu."

"Mama? Nini?"

Alimweleza yote, bila kupamba. Heri alisikiliza. Upepo wa kilimani ulivuma kwenye simu.

"Bila hizo hawaniruhusu kuingia chumba cha upasuaji," Heri alisema hatimaye. "Umejua tangu lini?"

"Miaka minne."

"Na jana ulipokuwa unaniona nimezivaa?"

"Nilijua."

"Ulipokuwa unajaza hizo fomu, mama, ulikuwa unamfikiria nani?"

Sechelela angeweza kusema mengi. "Nafsi yangu," alisema. "Nilikuwa naifikiria kazi yangu."

Heri hakulia wala hakufoka. Alisema kwa sauti kavu, ya kitabibu, ambayo Sechelela hakuwahi kuisikia kwake: "Neno la simu halitoshi. Nahitaji maandishi, na sahihi, kabla ya Jumatatu saa mbili. Nitayapeleka kwa mkuu wa chuo." Akakata bila kuaga.

Aliposhuka, wale vijana wanne walikuwa wamelala kwenye magodoro yao, wakifyatua risasi za kwanza. Vumbi liliruka kwenye tuta, mbali na vibao. Wengine walikuwa wamekaa kivulini wakizungumza kwa sauti za chini.

"Afande, naomba karatasi na kalamu," Sechelela alisema.

Haule alimpa ubao wa kuegemezea, kisha akaitazama ile mikono. "Daktari, niambie tu, nikuandikie. Mwandiko wangu mzuri. Au kuna mashine ofisini, unasema yenyewe inachapa."

"Hapana. Nashukuru."

Alikaa juu ya dumu la maji. Herufi ya kwanza ilipinda na kutoka nje ya mstari. Ya pili iliruka juu. Jina lake peke yake lilimchukua muda mrefu, likatokea kama limeandikwa na mtoto wa chekechea ndani ya gari linalopita kwenye mashimo. Hakulifuta. Wasomaji wa barua ile wangeweza kubishana na maneno yake, lakini mwandiko wangeuona kwa macho yao.

Aliandika tarehe. Aliandika swali la tisa kama lilivyokuwa, na chini yake, kwa herufi kubwa zilizoyumba, jibu aliloficha mara nne.

Alipoinua kichwa, Mapunda alikuwa amesimama mbele yake, na nyuma ya Mapunda yule mama, na nyuma yao wengine, kila mmoja akingoja zamu yake ya kalamu.