Sanduku la Mumbuni

"Mgeni yuko jikoni," Mzee alisema kwenye simu. "Saa nane."

Laini ikakatika.

Kalunde alirudisha Nokia mfukoni, akawasha pikipiki yake ya Yamaha. Mzee, mkuu wake, hakuwahi kusema zaidi ya hayo.

Kwa lugha yao ya siri, mgeni alikuwa Brandt, mfanyabiashara wa kigeni ambaye Idara ya Ujasusi ilikuwa imemwinda kwa miezi mitatu. Jikoni ni chumba cha mitambo ya intaneti, Mumbuni. Saa nane kamili, mtandao wa Machakos yote ungepitia kwenye sanduku la Brandt, kifaa cha kuchuja mtandao. Anayemlipa, tovuti yake ingefunguka. Asiyemlipa, ingekwama hadi watu wachoke kungoja.

Saa hiyo hiyo, mjini, kikao cha wananchi kingeanza kujadili kama intaneti ibaki wazi kwa wote. Maoni ya Kangundo na Katangi yangetumwa kwa barua pepe.

Sanduku lingeyameza.

Ngui, mwenzake Kalunde kazini, ndiye aliyeligundua, akauawa. Walimzika Jumamosi. Kalunde hakulia. Tangu siku hiyo alikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi, akingoja jino ling'olewe.

Saa nane kasoro dakika sita.

Aliupiga teke mlango wa chumba cha mitambo.

Brandt aligeuka na bastola. Risasi yake ilitoboa ukuta. Ya Kalunde ilimpata begani, akaanguka chini akiguna.

Karibu na mitambo alipiga magoti Nzioka, fundi wa kituo, mikono juu.

"Madam, usinipige! Niko na watoto."

"Nani alimwambia Brandt kuhusu Ngui?"

Nzioka alitazama sakafu. "Ni mimi. Alisema atamtisha tu. Haki ya Mungu, sikujua."

Kalunde alimwelekezea bastola yake ya Ceska kwenye paji la uso. Alingoja hasira. Haikuja.

Zilibaki dakika mbili.

"Hii kitu inazimwa aje?"

"Waya ya manjano. Lakini ukianza na ingine, wilaya yote inazima."

"Chomoa."

Nzioka alichomoa. Taa nyekundu za sanduku zikafa. Za mitambo zikaendelea kuwaka, kijani.

Redio ya mawasiliano kiunoni mwa Kalunde ikakoroma. "Maoni yanaingia," Mzee alisema. "Ya kwanza ni ya mama wa Kangundo. Anasema asichaguliwe cha kusoma. Umefanya kazi, Kalunde. Njoo ofisini."

"Nikishakula."

Aliwafunga wote wawili pingu, akawaachia polisi waliokuwa wakiingia.

Hotelini aliagiza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Haikuwa na ladha yoyote; ganzi ilikuwa bado haijamtoka.

Aliimaliza, akaondoka.