Tangazo Lililong'olewa Getini

Saa mbili asubuhi, mwenye duka alikuta tangazo limetoweka tena kwenye geti lake la mbao. Lilikuwa la halmashauri: mwenye duka anataka kupandisha ghorofa, jirani mwenye pingamizi aseme. Sheria ilitaka likae hapo mwezi mzima. Likitoka, siku zinahesabiwa upya. Hii ilikuwa mara ya tatu, na wanawe bado walilala stoo kati ya magunia.

Mkaguzi wa majengo, mama mpole asiyepitwa na kitu, alianza na mchomeleaji wa mtaani aliyekuwa akilalamika hadharani kuhusu ujenzi huo.

"Umeling'oa wewe?"

"Ningekuwa mimi, dada, ningeondoka na geti lenyewe."

Mkaguzi alicheka, akamwamini. Alirudi getini, akapapasa mbao. Matundu ya misumari yalikuwa yamezibwa kwa gundi na vumbi la mbao, kisha yakapigwa msasa. Mwizi gani huyu anayeona haya kuacha tundu?

Ukuta kwa ukuta na duka aliishi seremala mstaafu. Mkaguzi alipiga hodi, mwenye duka nyuma yake. Ndani, kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi dirishani. Mke wa seremala, asiyeinuka tangu apooze, alilala hapo, jua likimwangukia mikononi. Dirisha lilitazama paa la duka na geti lake.

"Mzee, misumari iko wapi?"

Seremala aliitoa mfukoni. Yote alikuwa ameinyoosha.

"Ghorofa likipanda, jua hili basi. Na halimfikii lingine."

"Si ungeandika pingamizi? Ni haki yako."

"Nimshitaki huyu? Nimemlea mwenyewe, baba yake alipofariki."

Mwenye duka aliketi ukingoni mwa kitanda, macho yamemjaa machozi.

"Baba, ungeniambia tu."

"Ungeacha kujenga. Wajukuu zangu wangelala wapi?"

Mkaguzi alikunjua ramani ya ghorofa juu ya shuka.

"Vyumba vihamie upande wa barabara, upande huu wa dirisha ubaki wazi. Ndiyo maana sheria inauliza majirani mapema, kabla ukuta haujasimama. Lakini mzee, kung'oa tangazo ni kosa. Jipya utalipigilia wewe."

Ramani mpya ilipokuwa tayari, seremala alikuja getini na misumari yake ileile. Mwenye duka alimshikia karatasi.

"Kaza, baba, lisije likatoka tena."

"Halitoki," mkewe aliita kutoka dirishani. "Safari hii mzee namlinda mimi. Namwona vizuri kabisa."