Chai ya Beda Mezani

Haya yalimpata Marselina, mjane wa pale Kilosa, na anayetaka kubisha abishe. Asubuhi moja ya kawaida alifungua dirisha, akatandika kitenge mezani, akapanga ndizi mbivu kando ya kikombe cha marehemu mumewe, Beda. Kuchora vitu vya mezani kwa rangi za mafuta ndiyo starehe pekee aliyobaki nayo, maana nyumba ilikuwa imepoa na watoto hawapigi simu. Alianza na vivuli, kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha njano nzito ya ndizi, akiisukuma kwa brashi mpaka ikang'aa. Moyo wake ulitulia.

Kikombe kitupu kilimkera, hakina uhai. Akakimiminia chai.

Rangi ya mafuta haina haraka. Tabaka la kwanza lazima likauke ndipo uweke la pili, kwa hiyo meza ilibaki vilevile siku kadhaa. Kila asubuhi alikuta chai imepungua. Akawa anaongeza.

Jirani yake Kishiwa, binti wa Kisukuma, alipita kumjulia hali, akaiona meza.

"Shikamoo mama. Chai ya nani hiyo?"

"Marahaba. Ya Beda. Ya picha tu, mwanangu."

Kishiwa akanong'ona. "Kwetu marehemu tunammwagia chini, anakunywa anaenda zake. Ukimwandalia mezani, unamwita akae. Imwage, mama."

Marselina alitaka kuimwaga, kweli. Lakini upweke ulimtesa kuliko hofu. Kama ni Beda, basi aje.

Kesho yake, mchana kweupe, alikuwa anamalizia kuchora ndizi ya mwisho. Ng'ambo ya kanvasi, kiti kikatoa mlio kama kimekaliwa. Brashi ikasimama. Mtu akapiga funda la chai. Taratibu. Marselina hakuthubutu kuchungulia.

"Beda?"

Kikombe kikagonga meza.

"Karibu, mume wangu. Kaa. Usiondoke tena."

Funda jingine. Machozi ya furaha yakamtoka.

Alipochungulia, kiti kilikuwa kitupu. Kikombe kikavu. Ndizi moja imeng'atwa pamoja na ganda lake. Akaigeukia picha. Ndizi aliyotoka kuichora nayo imeng'atwa. Ndani ya rangi mbichi kulikuwa na safu mbili za meno, juu na chini, halikukosekana hata moja.

Beda alikufa kibogoyo.

Na huyo mwingine alikuwa ameshaambiwa akae.