Maji ya Waya wa Ardhi

Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, Mutindi alikuwa tayari kwenye foleni ya kioski cha maji hapo Mutomo, wilibaro mbele yake na mitungi miwili juu yake. Mtungi mmoja ulikuwa wa nyumbani. Wa pili ulikuwa wa shimo. Wenzake kwenye foleni walipenda kumtania, wakimwuliza kama shimo lake limeshiba na kama linapenda maji baridi au ya uvuguvugu. Mutindi alicheka nao, lakini moyoni jambo lile lilimkera. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kumwona mtu wa Mutomo akimwaga maji safi ardhini kwa makusudi.

Shimo hilo lilikuwa nyuma ya kisiagi cha mama yake. Kwa miaka tisa Mama Kasiva alikuwa amewasagia watu mahindi kwa injini ya dizeli, akivuta moshi na kukohoa hadi wateja wakamzoea. Mwezi wa Juni aliamua kuhamia kwenye umeme. Akamwita fundi Nzuki kutoka Kitui, mtu mpole mwenye leseni na maneno machache. Nzuki alifanya kazi kwa siku nne. Alivuta nyaya nene, akafunga mota mpya na sanduku la swichi, na mwishowe akachimba shimo nyuma, akapigilia fimbo ya shaba ndani yake, akaizungushia mkaa na chumvi.

"Hii mashine ni ya chuma," alimweleza Mama Kasiva, Mutindi akisikiliza. "Stima ikivuja, inapanda kwa chuma. Huu waya wa ardhi unaichukua unaizamisha kwa udongo, halafu swichi inajizima yenyewe. Lakini udongo mkavu haupitishi stima, na udongo wenu ni mkavu kushinda biskuti."

Fimbo ilikuwa imegonga mwamba kabla ya kufika chini sana. Nzuki aliahidi kurudi na vifaa vya kuchimba kabla ya mvua za Oktoba. Hadi wakati huo, alisema, shimo lipewe mtungi mmoja wa maji kila siku, bila kuruka hata siku moja. Aliwafundisha pia kwamba mtu akinaswa na umeme asiguswe, kwanza izimwe swichi kubwa ya ukutani. Mama Kasiva alimkabidhi Mutindi kazi ya maji, kwa sababu Mutindi hakuwa mtoto wa kusukumwa.

Kwa wiki mbili kazi ilifanyika vizuri. Kisha jua likazidi, na sukuma wiki ya Mutindi ikaanza kunyauka. Alikuwa ameipanda kwenye gunia nyuma ya jikoni, mradi wa kilimo wa Gredi ya Sita, na mwalimu angepita nyumba kwa nyumba kuikagua kabla ya shule kufungwa. Maji ya kuoshea vyombo hayakutosha. Asubuhi moja Mutindi alisimama katikati ya gunia na shimo, mtungi mkononi. Upande mmoja kulikuwa na majani yanayokufa. Upande wa pili kulikuwa na shimo lisiloota hata nyasi.

Akalinyima shimo robo ya mtungi. Hakuna lililotokea. Kesho yake akalinyima nusu, na kabla ya wiki kwisha mtungi wote ulikuwa ukienda kwenye gunia. Mama alipouliza jioni kama shimo limepata maji, Mutindi alijibu ndiyo, haraka, akiwa ameinamia sufuria. Ni rahisi kudanganya mtu anayekuamini. Hata hakuangalii.

Sukuma ikanawiri. Mama Kasiva aliichuma akaipika, akawaambia majirani kwamba binti yake ana mkono wa baraka, anakuza mboga katika kiangazi kama kile. Mutindi alikula pamoja naye, na mboga ilikuwa tamu.

Wiki ya tatu tangu shimo lianze kunyimwa maji, mzee Muindi alikuja kusaga debe lake. Alipoegemea mashine aliruka nyuma kama aliyeumwa na siafu. "Mama Kasiva," akasema, "hii mashine yako inauma." Watu walicheka. Mama Kasiva aligusa kwa kidole, naye akahisi mshtuko mdogo uliopanda hadi kwenye kiwiko. Hapo hapo akampigia Nzuki simu.

Mutindi alikuwa ametoka shule kula chakula cha mchana. Alimsikia mama akijibu maswali ya fundi. Kisha mama akaondoa simu sikioni, akamgeukia.

"Fundi anauliza kama umekuwa ukimwaga maji kila siku."

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli. Watu walikuwa wachache, kosa lilikuwa bado dogo, na mama hakuwa amekasirika. Lakini Mutindi alifikiria ile sifa ya mkono wa baraka, akaona haya.

"Kila siku, Mwaitu," akajibu.

Mwaitu ndilo jina ambalo watoto wa Ukambani huwaita mama zao, na mama anapoitwa hivyo moyo wake hulainika. Mama Kasiva akarudisha simu sikioni na kumhakikishia fundi kwamba maji yanamwagwa. Nzuki akasema kwamba basi ardhi iko sawa, huenda waya fulani umelegea kidogo. Angekuja keshokutwa. Kwa sasa mama avae viatu vya mpira na awe mwangalifu.

Tangu saa hiyo Mutindi hakuwa na raha. Alasiri alikimbia na wilibaro hadi kioskini, akiwa ameazimia kulipa shimo mitungi yote aliyoliibia, na akakuta kimefungwa. Pampu ilikuwa imeharibika. Alienda kwa rafiki yake Hani, ambaye baba yake, Liban, hununua ng'ombe na kuwanyweshea kwenye tangi lake mwenyewe. Hani alimchotea mtungi mmoja bila kumwuliza mengi. Mutindi aliumwaga shimoni, na udongo ukaunywa mara moja, juu pakabaki pakavu kama mwanzo. Alirudi kuomba wa pili, lakini Liban alisema kwa upole kwamba ng'ombe arobaini hawajanywa na tangi limebakia robo.

Mutindi alipiga magoti kando ya lile shimo akalia. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza. Mwisho akachagua kunyamaza, akijiambia kwamba fundi atakuja, atatengeneza, na hakuna atakayejua.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Foleni ya kisiagi ilifika hadi barabarani, na Mama Kasiva hakupumzika tangu asubuhi. Mutindi alikaa darasani asisikie neno la mwalimu. Kengele ya mchana ilipolia alikimbia bila kuwangoja wenzake. Sasa alikuwa ameamua kusema. Alifika mlangoni akihema na kumwona mama, viatu vya mpira amevivua kwa joto, uso umejaa unga na jasho, akinyoosha mkono uliolowa jasho kuzibua mdomo wa mashine.

Mkono ule haukurudi.

Mama Kasiva hakupiga kelele. Mwili wake ulitetemeka wote, macho yamemtoka, vidole vimekaza kwenye chuma. Mzee Muindi aliruka mbele kumvuta. Mutindi alimsukuma kando kwa nguvu ambazo hakujua anazo, akakimbia hadi ukutani na kuivuta swichi kubwa chini kwa mikono miwili. Mashine ikanyamaza. Mama akaanguka sakafuni kama gunia.

Walimbeba hadi hospitalini. Daktari alisema kiganja kimeungua, lakini kinachomtia wasiwasi ni moyo. Ulikuwa unapiga ovyo, ukiharakisha, kisha ukisita. Wangemwangalia usiku kucha. Hakusema atapona, wala hakusema hatapona. Mutindi aliketi kwenye benchi nje ya chumba, sare yake imejaa unga, na akina mama wa kanisani wakaja wakaomba huku wamemshika mabega. Kila aliyefika alimsifu. Walisema ameokoa mama yake, kwamba mtoto kama huyo ni mmoja kati ya mia. Kila sifa ilimchoma. Alitamani mtu mmoja tu amtukane.

Walipomaliza kumsifu Mutindi walimgeukia fundi. Mzee Muindi alisema Nzuki ni tapeli aliyemwuzia mjane kifo. Wengine walisema ashtakiwe, anyang'anywe leseni. Baba yake Mutindi alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Akifikiri mama naye anaweza kwenda, na kwa sababu ya gunia la mboga, alijikunyata mwishoni mwa benchi.

Jioni Nzuki alifika. Alikuwa amepitia kwenye kisiagi kwanza, akakata umeme wote na kufungua mota. Uso wake ulikuwa umesawijika. Mama Kasiva alikuwa macho, amelala chali na nyaya za vipimo kifuani, na muuguzi akawaruhusu Nzuki na Mutindi tu waingie.

"Nimeona palipovuja," Nzuki alisema. "Waya mmoja ndani ya mota umechubuka. Hiyo ni kitu ya kawaida, inaweza kutokea kwa mashine yoyote. Lakini swichi ingejizima. Ardhi ilikuwa na maji, na bado swichi haikujizima. Sielewi, mama. Kama sielewi, basi kazi yangu ni mbovu. Nimefunga hivyo hivyo kwa maduka mawili huko Tawa. Kesho naenda kuyang'oa, na leseni nitarudisha."

Mutindi alimtazama mtu yule mzima aliyekuwa tayari kubeba mzigo usio wake, na ule uongo ukamshinda kuubeba.

"Haikuwa na maji," akasema.

Wote wawili wakamtazama. Akaeleza yote, kuanzia robo ya mtungi hadi lile jibu la kwenye simu. Alieleza akilia, na hakujitetea.

"Ile sukuma," Mama Kasiva akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe ile sukuma."

Kisha akageuza uso ukutani. Mutindi angependa zaidi apigwe kofi.

Usiku ule alilala kwa akina Hani, kama kulala kungewezekana. Asubuhi habari zilikuja kwamba moyo wa mama umetulia. Siku tatu baadaye alirudi nyumbani, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Alikuwa bado mkimya kwa binti yake. Neno la kwanza refu alilomwambia lilikuwa kwamba aende kwa kila mtu aliyemwita Nzuki tapeli, awaambie kweli kwa mdomo wake mwenyewe. Mutindi alienda. Alianza kwa mzee Muindi. Watu kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda, na hakuna hata mmoja aliyemsifu. Wengine walimkemea. Mama mmoja alimfungia mlango.

Nzuki naye hakujivua lawama. Kwa vile sasa alijua kiini cha tatizo, alirudi na vijana wawili na vifaa vya kuchimba. Walishuka upande wa chini wa kiwanja, ambako udongo hauna mwamba, wakazika fimbo tatu ndefu mahali penye unyevunyevu hata wakati wa kiangazi. Alirekebisha mota, na kwenye sanduku akaongeza swichi ya pili inayokata umeme mara tu unapovuja, kabla mtu hajapepesa jicho. Alimwambia Mama Kasiva kwamba yeye kama fundi alipaswa kuyafanya hayo kabla ya kuwasha mashine siku ya kwanza.

"Maisha ya mtu hayafungwi kwa mtungi wa maji," alisema. "Na mashine ikiuma inazimwa siku hiyo hiyo. Hapo nilikosa mimi, na sitakosa tena."

Kisha akamgeukia Mutindi. "Wewe ulifikiri umemdanganya mama na mimi. Stima haidanganywi. Yenyewe haisikizi maneno, inafuata tu kile kilichoko. Ni sisi binadamu tunaambiwa kitu na tunaamini. Ndio maana uongo haumpati aliyeusema. Unampata aliyeuamini."

Aliwasha mashine, akachukua kipimo chake cha umeme, akagusisha waya mmoja kwenye chuma cha mashine na wa pili akauchomeka udongoni. Watu waliokuja na madebe yao walisogea kuona. Kama chuma hakina umeme, kipimo kingeonyesha sufuri. Nzuki alitaka kutangaza namba, lakini Mama Kasiva akamzuia.

"Wacha asome yeye," akasema.

Mutindi alikishika kipimo kwa mikono miwili. Alisoma mara moja kimoyomoyo. Akasoma tena, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu sasa alijua namba ile inabeba nini.

"Ni sufuri, Mwaitu."

Mama Kasiva hakumtazama fundi. Hakukitazama kipimo. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akauweka wazi wazi juu ya mashine iliyokuwa ikinguruma, na kuuacha hapo huku watu wote wakitazama.

"Mara mbili nimeweka mkono hapa kwa neno lako," alimwambia binti yake. "Neno la mtoto watu huliona dogo. Mimi nimelipima, na ni zito kama maisha yangu. Ulitunze hivyo, mwanangu."

Kisha akawaambia watu walete mahindi.