Maji ya Kweyu

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti, kabla hajatoka kwenda kibaruani, katika kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo, mama alimwambia Ayuma maneno yale yale: "Maji ya Kweyu uyachemshe, mwanangu. Yatokote kabisa."

Ayuma, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyachemsha. Lakini Jumanne moja wenzake walikuwa wakicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, nje ya ploti walimopanga, nao walimwita mara tatu. Stovu ilikataa kuwaka upesi. Akachota maji ya mtungi, akamnywesha Kweyu, mdogo wake wa miezi minane, akatoka naye mbio.

Alhamisi Kweyu aliharisha na kutapika. Jioni jirani yao, Mama Wekulo, aliingia, akamtazama mtoto na kutikisa kichwa.

"Ni maziwa yako, Mama Ayuma. Joto la kiwandani limeyaharibu. Mwachishe kunyonya kwanza."

Mama aliamini. Kweyu alipolilia ziwa, alimgeuzia uso huku machozi yakimtoka. "Kumbe ni mimi ninayemuumiza mwanangu," alisema.

Ayuma alikuwa akiosha vyombo. Akayakumbuka maji ya Jumanne. Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata zamani.

Kulipokucha, macho ya Kweyu yalikuwa yameingia ndani, naye alilia bila machozi. Walimkimbiza zahanati. Muuguzi, Sista Nyamai, alimfinya ngozi ya tumbo; ikachelewa kurudi.

"Amepungukiwa na maji mwilini. Ananyonya?"

"Nimemwachisha tangu jana, Sista. Maziwa yangu ni mabaya."

"Si maziwa!" Ayuma akalia. "Ni mimi, mama. Sikuchemsha maji. Niliogopa kusema."

Mama hakumpiga. Alimtazama tu, na Ayuma akaona afadhali angepigwa.

"Mpe ziwa sasa hivi," Sista alisema, akikoroga dawa ya chumvi na sukari katika maji yaliyochemshwa. "Mtoto anayeharisha haachishwi kunyonya. Mwambie na jirani yako."

Kweyu alinyonya kwa pupa. Kisha Ayuma akashika kijiko, akamnywesha ile dawa kidogo kidogo, asubuhi nzima, bila kuinuka. Saa saba mtoto akakojoa, na Sista akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ayuma," mama alisema, "maji yale yalimletea ugonjwa. Lakini kimya chako ndicho kilichomnyima maziwa. Ukikosea, sema mapema, tuwahi kurekebisha. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

Mama akamwekea Kweyu mikononi. "Mbebe mdogo wako. Twende nyumbani."