Njia Iliyotoka Upande wa Pili

Haya yalimkuta rafiki yetu fundi umeme, mtu anayeshika nyaya kama kamba za kuanikia nguo. Siku hiyo alikuwa na shemeji yake na wenzao wanaojitolea kuchonga njia ya matembezi msituni. Walifika kwenye jiwe kubwa, wakaishia hapo. Jioni, wakipakia vifaa garini, akakumbuka ameacha jembe lake kule.

Alipolikaribia jiwe akasikia mtu analima: kacha, kacha, kacha. Akamshuku shemeji yake, ambaye hachoki kumfanyia vituko.

"Shemeji, acha utoto! Giza linaingia."

Jembe likanyamaza.

Akazunguka jiwe kwa hasira, akakuta njia. Asubuhi hapo palikuwa kichaka kitupu. Sasa udongo ulikuwa mbichi, na njia ilitoka ndani kabisa ya msitu ikaja kukutana na yao. Nyayo za miguu mitupu zilikuja nayo. Hakuna zilizorudi.

"Shemeji!" Sauti ya shemeji yake ilitoka mbali, kule garini. "Umelala huko? Tunakuacha!"

Jembe lake lilikuwa limeegemezwa kwenye jiwe. Akalinyakua ili akimbie. Mpini ulikuwa na joto bado, umelowa jasho.