Kifuniko cha Pipa

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Nthoki alitoa kifuniko cha pipa kwenye roshani na kukilaza sakafuni kwenye korido. Alikuwa amekichora miraba kwa makaa. Hapo yeye na mdogo wake Mutunga walicheza drafti kwa vizibo vya soda hadi giza lilipoingia.

"Leo nakula kingi zako zote!" Mutunga alitamba, akijikuna miguu.

Nyuma yao pipa lilibaki wazi. Mtaani kwao Pipeline, Nairobi, mifereji hukauka ovyo, na kila nyumba huweka maji ya akiba.

Jumamosi moja Mutunga hakutaka kucheza. Jua liliwaka, naye alitetemeka chini ya blanketi.

"Ni mafua," mama alisema, akimpa dawa ya maumivu. "Malaria itoke wapi? Sisi hulala ndani ya neti."

Alasiri Mutunga alitapika, kisha akaanza kuropoka. Nthoki alikimbilia pipa achote maji ya kumpangusa. Ndani yake vidudu vyembamba vilijipinda na kuzama. Alikuwa ameviona mara nyingi. Leo vilimtisha.

Aligonga mlango wa jirani. "Mama Keynan! Njoo uone!"

Ambaro, mama yake Keynan, alichungulia pipa. "Hawa ni watoto wa mbu! Mutunga yuko wapi?" Aliingia, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. "Mama Nthoki, vaa viatu. Twende kliniki."

"Lakini neti yetu..."

"Neti utaitetea mbele ya daktari. Twende!"

Damu ilipimwa. Ilikuwa malaria. Nthoki alisimama kando ya kitanda, akisikiliza kila pumzi ya mdogo wake.

"Atapona, daktari?"

"Dawa imeanza kuingia," Daktari Kimanzi alijibu. "Mngengoja hadi kesho, nisingekuwa na la kukuambia."

Asubuhi Mutunga alifumbua macho. "Nthoki, usiguse kingi zangu."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. "Daktari, neti yetu haina hata tundu!"

"Na kabla ya kulala, watoto hukaa wapi?"

Nthoki aliinamisha kichwa. "Kwenye korido. Tunacheza juu ya kifuniko cha pipa."

"Basi mbu mlimlea kwenye pipa, mkampa chakula jioni, kisha mkamfungia neti akiwa ameshiba!"

Siku hiyo hiyo Nthoki alimwaga yale maji, akasugua pipa hadi mikono ikamuuma, akalifunika. Ambaro alileta wavu, wakaupigilia dirishani. Mutunga aliporuhusiwa kurudi nyumbani, jioni watoto walivaa suruali ndefu na soksi, wakabaki ndani.

"Na drafti?" Mutunga alinung'unika.

Mama alitoa kipande cha katoni alichokichora miraba, akakiweka kitandani, ndani ya neti.

"Neti ni nzuri, lakini peke yake haitoshi," alisema. "Pipa lifunikwe, dirisha liwe na wavu, miili ifunikwe jioni, kisha neti. Tukiacha moja, mbu atapitia hapo hapo. Haya, nani anaanza?"